Ziwa Likirudi Nyuma, Tusidanganyike

Ndugu wakulima wa Kaoze na Ufipa yote,

Mvua zikipungua miaka michache mfululizo, Ziwa Rukwa hurudi nyuma na kuacha ardhi tupu. Wengi wetu huona ni neema, tukaikimbilia na majembe. Tungoje kidogo.

Mwaka 1880 msafiri Joseph Thomson aliliona ziwa hili, akalibandika jina la Leopold. Baada yake walikuja wataalamu wengine, wakachimba tope la chini ya ziwa na kulipima. Wakagundua kwamba yapata miaka 10,000 iliyopita maji yalijaa hata yakamwagikia Ziwa Tanganyika. Baadaye yakapungua sana. Kwa nini? Rukwa halitoi mto, na kina chake ni kidogo. Mvua ikizidi au ikipungua kidogo tu, ukingo husogea mbali.

Sasa hali ya hewa duniani inabadilika, na mvua haifuati tena mazoea yetu. Basi tufanye hivi:

Kwanza, shamba la chakula cha nyumbani liwe juu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingoni.

Pili, huku bondeni tusitegemee mahindi peke yake. Tupande na mtama, unaovumilia ukame.

Tatu, ninyi ndugu zetu wa juu uwandani, msiache matuta yenu ya kufukia majani. Yanarutubisha shamba na kuzuia udongo usiteremke ziwani.

Ziwa likiondoka, hurudi. Likirudi, likukute una akiba ghalani.

Kwaherini.