Aliyeshika Kamera: Shutter Mbele ya Hadhira ya Kicukiro

Jioni hii nazungumzia filamu ya kutisha kutoka Thailand, Shutter, iliyoongozwa mwaka 2004 na Banjong Pisanthanakun na Parkpoom Wongpoom. Hollywood waliitengeneza upya mwaka 2008. Hiyo tuiache hukohuko.

Tun, mpiga picha wa Bangkok, na mpenzi wake Jane wanamgonga mwanamke barabarani usiku, kisha wanakimbia. Tangu hapo picha za Tun zinatoka na ukungu mweupe na nyuso za ajabu. Shingo inamuuma, daktari haoni kitu. Baadaye tunaelewa: mzimu anayeonekana pichani ni Natre, aliyempenda Tun wakiwa chuoni. Rafiki zake Tun walimbaka. Tun alikuwepo, kamera mkononi, akapiga picha.

Nguvu ya filamu iko hapo. Mizimu mingi ya sinema humwandama yeyote aliyeingia nyumba mbovu. Natre ana madai na watu maalumu, na aliyetazama hasamehewi. Tena anadai kwa chombo kilekile kilichomdhalilisha. Studioni taa zinazimika, flashi inawaka yenyewe, na kila inapowaka amesogea. Damu haipo. Ni mwanga na giza tu, na watu wazima wanashikana mikono.

Udhaifu? Kelele. Spika zinalipuka ili ushtuke kabla hujaogopa. Nywele zilizofunika uso nazo ni deni kwa filamu ya Ringu ya Japani ya mwaka 1998. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba Natre hana sauti: tunamjua kupitia kumbukumbu za aliyemsaliti, kwanza mnyonge, kisha kitisho.

Sina budi kulisema hili hapa Kicukiro, jijini Kigali. Aprili 11, 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliondoka shule ya ETO, hapa Kicukiro, wakawaacha watu zaidi ya 2,000 walioikimbilia. Wengi wao waliuawa Nyanza, hapo juu. Mwaka 2005 ikatoka filamu ya Shooting Dogs ya Michael Caton-Jones, iliyopigwa palepale shuleni, manusura wakiwa miongoni mwa watendaji wake. Ni kazi ya heshima. Lakini macho yake ni ya padri na mwalimu, wote Waingereza, na mwalimu huyo anaondoka na askari. Silinganishi hadithi ya kubuni na makaburi ya Nyanza. Nasema tu kasoro ya usimulizi ni ileile: aliyeshuhudia anapewa hadithi nzima, aliyetendewa anabaki mwili.

Pisanthanakun mwenyewe alikuja kufanya tofauti. Katika filamu yake Pee Mak, ya mwaka 2013, mzimu aitwaye Nak anapika, anabishana, anamtetea mume wake na ndoa yake, na mume anachagua kubaki naye. Wathai walicheka na kulia, wakaifanya filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote zilizotangulia nchini mwao.