Bima ya Gari la Usharika: Ndogo au Kubwa?

(Maelezo ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wageni wafadhili, Usagara)



Mmejionea hapa njia panda: magari ya Mwanza mjini, ya Shinyanga na yale yanayotoka Busisi yanakutana mahali pamoja. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kusubiri kivuko, na dereva aliyezoea kupumzika pale gatini sasa anapita moja kwa moja.

Tumechagua kuzungumzia bima kwa sababu katika bajeti tunazoletewa mafuta yamo, matairi yamo, posho ya dereva imo, lakini bima haimo. Au imewekwa bima ndogo kila mwaka bila mjumbe kuuliza kwa nini.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kutumia gari barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine, yaani kifo na majeraha yanayosababishwa na gari hilo. Hiyo ndiyo bima ndogo. Kwa gari binafsi kiwango chake cha chini tulichokizoea ni shilingi 100,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Inamfidia mwenye baiskeli aliyegongwa Buhongwa. Haimlipi mwenye gari hata taa moja. Gari likipinduka au likiibwa nje ya kanisa, usharika unabaki na cheti mkononi.

Bima kubwa hulipia pia gari lenyewe. Kiwango cha kawaida kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la shilingi milioni 12 litalipiwa 420,000 kabla ya kodi. Tofauti na bima ndogo ni 320,000, ambayo ni pungufu ya shilingi 27,000 kwa mwezi. Kamati inayosema fedha hiyo haipo ijiulize itapata wapi milioni 12.

Hatusemi kila gari likatiwe bima kubwa. Gari kuukuu, ambalo usharika unaweza kuliziba pengo lake kwa harambee moja bila kusimamisha kazi, bima ndogo inalitosha. Lakini gari linalobeba chanjo, au ndilo pekee la mradi, tusilichezee.

Sasa tuje kwenye mambo mawili yanayoumiza watu. La kwanza ni thamani. Wapo wanaoandika thamani ndogo ili walipe kidogo. Gari la milioni 12 likiandikwa milioni 8, mikataba mingi huhesabu kwamba umekata bima ya theluthi mbili tu. Hasara ya milioni 3 italipwa milioni 2, na hapo bado hujakatwa ile sehemu ya hasara ambayo mwenye gari hubeba mwenyewe. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakusaidii, maana utalipwa bei ya soko.

La pili ni matumizi, na hapa tutasema wazi ingawa tunajua litawaudhi baadhi. Gari limekatiwa bima kama la binafsi, kisha Jumamosi linakodishwa kubeba maharusi kwa malipo ili kutunisha mfuko. Siku likipata ajali, kampuni ina sababu ya kukataa kulipa, na familia za majeruhi zitaugeukia usharika. Kama mnataka kukodisha, kateni bima ya biashara. Vivyo hivyo pikipiki ya mwinjilisti isigeuzwe bodaboda jioni.

Wazee wetu wanakumbuka enzi za Shirika la Bima la Taifa likiwa peke yake. Sheria ya 1996 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, na leo mawakala wanatufuata hadi ofisini. Msilipe kwa sababu wakala ni muumini mwenzenu. Kabla gari halijaondoka, ingizeni namba yake ya usajili katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, mwone kama bima hiyo ipo kweli na inaisha lini.

Ajali ikitokea, ripoti polisi na kwa kampuni mara moja, na dereva asikubali kosa wala kuahidi malipo pale barabarani. Kampuni ikikataa dai bila sababu ya kueleweka, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Ndugu wafadhili, ombi letu kwenu ni moja. Mnaponunua gari kwa mradi wa miaka mitano, wekeni bima ya miaka mitano. Bima ya mwaka wa kwanza pekee hutuacha na gari zuri lisilo na kinga katika mwaka wa pili, wakati sadaka imeelekezwa kwenye paa la zahanati.

Kwa kamati: tunaomba kila mtunza hazina atuletee orodha ya magari na pikipiki, thamani ya leo ya kila chombo, matumizi yake halisi pamoja na tarehe ya mwisho ya bima. Tutaketi na kila usharika kupanga kipi kikatiwe bima ipi kabla ya kupitisha bajeti ya mwaka ujao.