Mwini Amani na Uwanda wa Tandiko



Kati ya Kibo na Mawenzi pana uwanda mpana, mkavu, wenye mawe na upepo mkali, kwenye mwinuko wa takriban meta 4,400. Kwa umbo lake umefananishwa na tandiko la farasi. Kila apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hana budi kuuvuka. Watu husimulia kilele; uwanda huu husahauliwa, ingawa safari nyingi huamuliwa hapo.

Mwaka 1887 Hans Meyer, mchapishaji wa vitabu wa Leipzig (mji uleule walikotoka wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893), alijaribu kuukwea Kibo, akazuiwa na barafu. Mwaka 1888 alikamatwa katika vita vya Abushiri, akaachiliwa kwa fidia, wala hakuufikia mlima. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, Mwaustria. Safari hii alikuwa ametambua kwamba miguu yenye nguvu haitoshi pasipo chakula. Baada ya kupokewa na Mangi Mareale wa Marangu, aliweka kambi kwa hatua, na wapagazi wakapanda na kushuka wakileta vyakula.

Katika kambi ya juu, kwenye zaidi ya meta 4,000, aliachwa Mwini Amani wa Pangani. Hebu mfikirieni mtu huyo wa pwani, akilinda hema peke yake usiku ambao maji huganda, huku wenzake wakichonga ngazi katika barafu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta, muda ukawaishia, wakageuka. Walirudi kwake, wakala, wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Bila kambi ile wangelazimika kushuka mbali zaidi kabla ya kujaribu tena. Meyer mwenyewe alimtaja Mwini Amani katika kitabu chake; masimulizi mengi yaliyofuata yamebakiza majina mawili tu.

Kazi ya namna yake haijakoma. Juu ya Horombo, kabla ya kuingia Tandiko, njia hupita mahali pa maji ya mwisho. Kutoka hapo maji ya kupikia na ya kunywa hufika Kibo mabegani mwa wapagazi. Sheria ya hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na ni haki mgeni aulize kama mzigo umepimwa.

Tena, Horombo iko kwenye meta 3,720 na kibanda cha Kibo kwenye meta 4,700 hivi. Waganga hushauri kwamba, mtu akishapita meta 3,000, asiongeze zaidi ya meta 500 kwa siku mahali anapolala. Njia hii huongeza karibu mara mbili ya kiasi hicho kwa siku moja, mahali ambapo kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 60 tu ya ile ya pwani. Ndiyo maana siku ya ziada Horombo si anasa. Lakini ada za hifadhi hulipwa kwa siku, na wapo waifutao siku hiyo ili kuokoa fedha. Huo ni ubahili wa hatari. Mwenye kuumwa kichwa na kutapika asipandishwe zaidi. Akianza kupepesuka, ashushwe saa ileile, hata kama ni usiku na hata kama amekwisha kulipa. Naye atakayemshika mkono kurudi kupitia Tandiko, mara nyingi, ni kijana yuleyule aliyembebea mzigo asubuhi.