Umesimama Wapi?

Leo nataka tuzungumze juu ya kuchora picha. Tafadhali usizime redio yako ukisema, "Mimi si mchoraji." Ngoja kidogo. Habari hii itakufikia na wewe.

Katika kanisa letu yuko binti anayejifunza kuchora kwa tableti, yaani kile kibao cha kioo kinachochorwa kwa kalamu isiyo na wino. Walimu wa shule ya Jumapili walimwomba awachoree watoto mfano wa Msamaria Mwema, lakini barabara iwe ya huku kwetu: yenye vumbi, yenye migunga, na punda awe kama wale wanaovuta mikokoteni ya maji. Binti akachora kwa siku tatu. Alipoileta picha, kila kitu kilikuwa kizuri peke yake. Punda alikuwa punda kweli, na mgunga ulikuwa mgunga. Lakini ukiitazama yote pamoja, watu walikuwa kama wanaelea hewani, na yule aliyepigwa na wanyang'anyi alikuwa kama gunia lililosahauliwa pembeni.

Binti alisikitika, akasema, "Programu hii ina msaada wa kunyoosha mistari, nami nimeutumia. Kosa liko wapi?"

Mjomba wake ni fundi wa kuandika mabango. Aliitazama picha, akamwuliza neno moja tu: "Ulipokuwa ukichora, ulikuwa umesimama wapi?"

Hakuwa na jibu. Punda alimchora kama mtu aliyesimama karibu naye. Barabara aliichora kama mtu aliyepanda juu ya mti. Majeruhi alimchora kama mtu apitaye mbali kwa gari. Macho matatu katika picha moja!

Basi mjomba akampeleka kando ya reli ya zamani, mahali iliponyooka. Reli hiyo ilifika Nakuru mwaka 1900, na vyuma vyake viwili vimeachana kwa mita 1. Havikaribiani hata kidogo, la sivyo gari moshi lingeanguka. Lakini ukitazama mbali, vinasogeleana hadi vinakuwa nukta moja. "Nukta ile," mjomba alisema, "iko kwenye mstari wa upeo wa macho, na mstari huo uko sawa na kimo cha macho yako mwenyewe. Haya, sasa keti chini."

Binti akaketi, na upeo ukashuka pamoja naye. Alipokuwa amesimama, mstari ule ulipita kwenye macho ya watu wa kimo chake, wawe karibu au wawe mbali. Sasa ulipita karibu na viuno vyao. Hata ukipanda mpaka ukingo wa Menengai, upeo utapanda nawe. Hauachani na macho yako.

Kanuni hii haikuletwa na kompyuta. Leon Battista Alberti aliieleza katika kitabu mwaka 1435 huko Florence, Italia. Na kabla ya kitabu hicho, karibu mwaka 1427, mchoraji Masaccio alichora msalaba wa Kristo kwenye ukuta wa kanisa la Santa Maria Novella, katika mji huohuo. Mistari yake yote aliikutanisha karibu na mguu wa msalaba, kwa kimo cha macho ya mtu aliyesimama mbele ya ukuta ule. Mashine ya leo itakusaidia kupiga mstari, lakini haitakuchagulia mahali pa kusimama.

Binti akaanza upya. Mjomba alimkataza kugusa majani wala vifungo vya nguo kabla ya kuchora picha ndogo ndogo, kila moja kama kiberiti, ili aone kipi kikae wapi na kipi kitangulie kuonekana. Alichora nyingi akazifuta. Mwishowe akayaweka macho ya mtazamaji chini mavumbini, kando ya yule mtu aliyepigwa.

Ndugu zangu, picha ikabadilika! Upeo ukashuka karibu na ardhi. Viatu vya kuhani na vya Mlawi vikawa vikubwa kama kuta, na nyuso zao zikawa juu, mbali. Uso mmoja tu ndio uliokuwa karibu, wa yule aliyepiga magoti. Binti hakumwongezea Msamaria ukubwa wowote. Mahali alipokaa ndipo palipomleta karibu.

Picha hiyo ilinihukumu mimi. Mnakumbuka Januari mwaka 2008, watu waliokimbia makwao walipojaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru. Nilikwenda na mablanketi, na orodha mkononi. Nilisimama nikiuliza majina na idadi ya watoto. Mama mzee mmoja, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake, akaniambia, "Mchungaji, keti kwanza, mwanangu. Shingo inaniuma kukutazama."

Nilicheka kidogo, nikaendelea kuandika. Sikuketi. Nililiandika jina lake sawasawa, nikampa blanketi, nikaenda kwa mwingine. Alikuwa na neno la kuniambia, nami sikulisikia, wala sikumwona tena. Sikupita kando kama kuhani, la. Nilisimama. Lakini nilisimama wima.

Msikilizaji mpenzi, hata wewe ni mchoraji. Unayo picha ya jirani yako moyoni: yule wa kabila lingine, yule mkwe, yule kijana asiyekuja kanisani. Huenda mistari yako imenyooka na kila unalosema juu yake ni kweli. Hapa kwetu kila nyumba inayo picha yake ya mwaka ule wa 2008. Sikuambii uifute. Nakuuliza tu swali la yule fundi wa mabango: ulipoichora, ulikuwa umesimama wapi? Je, umewahi kuketi alipoketi mwenzako, ukatazama barabara kutoka pale?

Bwana wetu alipokutana na mwanamke wa Samaria, alikuwa ameketi kisimani, amechoka kwa safari, akamwomba maji. Wiki hii mtafute mtu mmoja uliyemchora kwa mbali. Usiende na orodha. Keti, umsikilize mpaka amalize.

Picha ya binti imetundikwa sasa darasani. Jumapili iliyopita mtoto mmoja aliuliza, "Mbona viatu ni vikubwa hivi?" Mwalimu hakumweleza. Alimwambia alale sakafuni atazame viatu vya wenzake. Baada ya muda mfupi darasa zima lilikuwa limelala sakafuni.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeshuka mpaka mahali petu, utusamehe tulipowatazama wenzetu kutoka juu. Utufundishe kuketi. Na yule mama mzee, popote alipo, umpe mtu wa kumsikiliza. Amina.