Pikipiki Kubwa Haitaki Haraka

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya pikipiki. Na si pikipiki yoyote, bali ile kubwa, ambayo mtu anaipanda akiwa mgeni kabisa, hajawahi kupanda hata ndogo.

Hapa Tunduma macho yetu yamezoea ukubwa. Malori yaendayo Zambia na Kongo hujipanga barabarani kama ukuta, na kijana aliyekulia kando ya ukuta huo haogopi chombo cha magurudumu mawili. Tena mara kwa mara hupita wasafiri watokao Cape Town wakielekea Nairobi na Cairo, wamekaa juu ya mapikipiki yenye injini ya sisi 800, mengine hata zaidi ya 1,000. Vijana huwazunguka, wakaikagua mitambo, kisha swali huwa lile lile: "Na mimi naweza kuanza na kubwa kama hii?"

Jibu langu ni kwamba unaweza. Lakini kwanza tuelewane ukubwa ni nini. Leseni zetu zinazigawa pikipiki kwa madaraja. Daraja A ni la pikipiki inayozidi sisi 125 au kilo 230. Daraja A1 ni la iliyo chini ya hapo. Kwa hiyo ile ya sisi 150, inayobeba abiria na gunia la mahindi kwenda Kakozi, ni kubwa mbele ya sheria, hata kama mwenyewe anaiita kapikipiki. Wapo wengi wanaodhani swali hili ni la wasafiri wa Cape Town, kumbe ni lao.

Mimi nilijifunzia Honda ya sisi 185, zile ndefu walizokuwa wakizipanda mabwana shamba. Mwalimu wangu alikuwa fundi mmoja wa Vwawa, mzee asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kupiga kiki. Aliilaza chini, akasema, "Haya mwanangu, iinue."

Akanionyesha namna yake. Unaipa mgongo, unaegemeza makalio kwenye kiti, mkono mmoja unashika usukani, wa pili unashika chuma cha nyuma, kisha unasukuma kwa miguu kama mtu anayefungua mlango kwa mgongo. Ikasimama. "Asiyeweza kuiinua hana haja ya kuipanda," akasema, na jioni nzima ile nikaisukuma kuzunguka uwanja, injini imezimwa. Hapo ndipo nilipoielewa pikipiki nzito: ikiwa wima huusikii uzito wake, lakini ikiinama kidogo tu, uzito wote unakuja mguuni kwako.

Siku ya pili ilikuwa ya klachi peke yake. Niliiachia polepole mpaka nisikie inashika, nikaibana, nikaiachia tena, bila kuvuka hatua kumi. Siku ya tatu akaweka mawe mawili, nikaandika namba nane kuyazunguka, macho yakitazama niendako, maana pikipiki hufuata macho ya dereva. Gia ya tatu aliitaja juma la pili.

Kwa nini mlolongo wote huo? Kwa sababu ndogo ikivutwa mafuta kupita kiasi hulalamika tu. Kubwa huruka. Mwili wa dereva ukirushwa nyuma, mkono wa kulia nao huvuta zaidi, na mgeni anajikuta anaongeza mwendo wakati anataka kusimama.

Liko pia jambo la breki. Wengi tumefundishwa kuiogopa breki ya mbele. Ukweli ni kwamba unapofunga breki, uzito hukimbilia gurudumu la mbele, hivyo kwenye lami kavu breki hiyo ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma. Inayomwangusha mtu ni ile iliyokabwa kwa ghafla, au kwenye changarawe, au usukani ukiwa umekunjwa. Ibinye kama mkamuaji wa ng'ombe, nguvu ikiongezeka kidogo kidogo. Na ukumbuke hesabu hii: mwendo ukiongezeka mara 2, umbali wa kufunga breki mpaka kusimama huongezeka mara 4. Kwa hiyo anayeteremka Mlima Senjele ashushe gia kabla ya mteremko, injini imsaidie kushikilia.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani, kule Busia kati ya Kenya na Uganda, wakati baiskeli zilipovusha watu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sisi watu wa mpakani tumelirithi kwa haki. Huku kwetu pikipiki za abiria ziliwekewa kanuni zake mwaka 2010. Lakini darasa liko wapi? Kijana anakabidhiwa pikipiki asubuhi, anajifunza uwanjani mpaka adhuhuri, alasiri anapakia abiria, na jioni tajiri anasubiri hesabu.

Najua atakavyonijibu: "Mzee, njaa haisubiri majuma mawili." Ni kweli, na simlaumu. Lakini mama aliyembeba mtoto mgongoni akimpeleka hospitali Vwawa amelipa nauli. Hakulipa ada ya kumfundishia dereva, wala hakuulizwa kama yuko tayari kuwa daftari la mazoezi.

Kwa hiyo maneno yangu nayaelekeza kwanza kwa tajiri. Msamehe deiwaka wako hesabu ya majuma hayo mawili. Ukiona ni hasara, uliza bei ya kunyoosha foko, kisha uliza mguu uliovunjika unachukua miezi mingapi kupona, na nani atakuletea hesabu miezi hiyo yote.

Pili, kwa viongozi wa vijiwe vya Tunduma, Mlowo na Vwawa. Kila kijiwe kina mzoefu wake. Mpeni kazi ya kumpima mgeni kabla hajapakia mtu: aiinue, aandike nane, afunge breki mbele yenu bila kuteleza. Awe na leseni ya kujifunzia, na kofia ngumu iliyofungwa kamba kidevuni, isiyoning'inia kwenye usukani. Mtihani huo hauhitaji bajeti ya wilaya. Unahitaji mawe mawili na uwanja.

Na wewe kijana unayetamani kubwa, anza nayo ukitaka. Ila uianze ukiwa peke yako juu yake, mpaka siku ile mwalimu wako mwenyewe atakapokubali kukaa nyuma yako.

Hadi juma lijalo, kwaherini.