UZAMILI WA BIASHARA AU WA UHASIBU?
(Hotuba ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Singida)



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wetu walioko vyuoni huniuliza mara kwa mara: mtu aliyehitimu shahada ya uhasibu, akitaka kuendelea, achukue uzamili wa uongozi wa biashara, yaani MBA, au uzamili wa uhasibu na fedha?

Jibu langu ni fupi. Usichague shahada kabla ya kuchagua kazi.

Tuanze na tofauti yake. Uzamili wa uhasibu humzamisha mhasibu katika fani yake mwenyewe: viwango vya hesabu, ukaguzi na kodi. MBA humchukua mtu wa fani yoyote, awe mganga, mhandisi au bwana shamba, ikamfundisha kuendesha shirika zima: masoko, watumishi, fedha na mipango.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Mkoa wetu ni wa alizeti. Viwanda vingi vidogo vya kukamua mafuta hushughulika sana baada ya mavuno, kisha mbegu zikiisha mashine husimama. Mhasibu hodari atamwonyesha mwenye kiwanda, kwa tarakimu, hasara anayoipata kila mwezi ambao mashine zimelala. Lakini kuamua kama akope fedha anunue mbegu za kuweka ghalani, au aingie mkataba na wakulima, au atafutie mashudu soko jipya, hiyo ni kazi ya meneja. Wote wawili wanahitajiwa, na kila mmoja ana kazi yake.

Jambo la pili ni kwamba nchini mwetu uko mlango wa tatu, nao wengi huusahau. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashirika ya umma yaliongezeka, na wahasibu wazalendo walikuwa haba. Mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Bodi hiyo ndiyo husajili wahasibu, na mitihani yake ndiyo njia ya kupata CPA. Uzamili peke yake, hata ukiwa wa uhasibu, haumfanyi mtu kuwa CPA.

Hapa vijana hupotoshwa na ushauri wa ng'ambo. Huko Marekani, kwa miaka mingi, majimbo yalidai krediti 150 za chuo kwa anayetaka leseni ya CPA, ilhali shahada ya kwanza huwa na krediti 120 hivi. Wengi walichukua uzamili wa uhasibu ili kujaza zile 30 zilizopungua. Mwaka 2025 majimbo kadhaa yalipitisha sheria za kulegeza sharti hilo. Kwetu sharti la namna hiyo halipo. Basi tusiazime jibu la swali lisilo letu.

Ndugu zangu, nasema haya kwa sababu yalinipata. Nilipokuwa na miaka 31, nikiwa mhasibu katika halmashauri moja, nilikopa kwenye SACCOS nikasoma MBA. Nilidhani jina kubwa litanipandisha. Nafasi ya juu ilipotokea niliulizwa cheti cha CPA, nami sikuwa nacho. Aliipata kijana niliyemfundisha kazi, na aliistahili. Makato ya mkopo yaliendelea miaka mitatu zaidi, mama watoto akiuza vitunguu ili ada za watoto zipatikane. Nilirudi kwenye madaftari nikiwa na miaka 38, na safari ya kwanza nilishindwa masomo mawili. Leo ninayo CPA. Na hiyo MBA sikuitupa: imeanza kunifaa sasa, ninapoongoza watu na kupanga bajeti. Kosa langu lilikuwa kutanguliza cha nyuma.

Kwa hiyo nawashauri hivi. Kwanza, someni muundo wa utumishi wa kazi mnayoitaka, mwone unadai cheti gani. Pili, mwenye nia ya kubaki katika uhasibu au ukaguzi atangulize mitihani ya Bodi. Uzamili wa uhasibu utamfaa zaidi akitaka kufundisha chuoni au kufanya utafiti. Tatu, MBA ichukuliwe na mtu aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa, aliye na watu au mali ya kusimamia. Nne, msikope kabla ya kujua mkopo utalipwa na nini.

Nanyi wa Kidato cha Sita msidhani ni lazima kukimbilia Dar es Salaam. Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi hapa hapa Singida. Nendeni mkaulize, msione haya. Mimi niliona haya kuuliza, na mmesikia nililipa kiasi gani.