Umeme wa Miale ya Kathodi



Nia yangu jioni hii ni kuizungumzia hoja moja tu katika taarikhi ya fizikia, nayo ni hii: ilijulikanaje kwamba miale ya kathodi ina umeme, na kwamba umeme huo ni wake yenyewe, wala si wa kitu kingine kilichofuatana nayo? Naitenga hoja hii na nyinginezo kwa kuwa vitabu vya shule huipita mbio, vikamkabidhi msomaji jawabu bila ya kumwonyesha tabu iliyolizaa, ilhali tabu hiyo, kwa rai yangu, ina faida kubwa zaidi kuliko jawabu.

Asili ya mambo ni tyubu ya kioo iliyofyonzwa hewa. Hewa ikishabakia haba sana, kisha umeme wa nguvu ukapitishwa baina ya vipande viwili vya madini vilivyofungwa ndani yake, kioo kinachoikabili kathodi, yaani kile kipande cha upande wa hasi, hung'aa kwa nuru ya kijani. Plücker wa Bonn, miaka ya 1850 ilipokuwa ikimalizika, aliona kwamba sumaku huisogeza nuru hiyo. Hittorf, aliyekuwa mwanafunzi wake, akadhihirisha mwaka 1869 kwamba kitu kigumu kikisimama njiani hutupa kivuli. Na Goldstein akaipa miale jina lake mwaka 1876. Hapo wanazuoni wakaachana njia. Crookes na Waingereza wenziwe wakashika kwamba ni chembe zenye umeme hasi, zirushwazo na kathodi. Wajerumani wengi wakashika kwamba ni mtikisiko wa etha, yaani kile kitu kilichodhaniwa siku zile kuwa ndicho kipitishacho nuru, na kwamba miale ni jamii moja na nuru.

Wala Wajerumani hawakuwa wakaidi. Heinrich Hertz, mwaka 1883, aliipitisha miale baina ya bamba mbili, moja hasi na moja chanya, akaitazamia ipinde, nayo isipinde. Na kwa kuwa chembe yenye umeme hasi haina budi kuvutwa na bamba chanya, akahukumu kwamba miale haina umeme. Mwaka 1892 akaiona ikipenya bamba nyembamba mno za madini, na Lenard, msaidizi wake, akaitoa nje ya tyubu kwa kidirisha cha alumini kisichopitisha hewa. Ni atomu gani ingaliweza kupenya hapo? Siwaafiki wanaomtaja Hertz kana kwamba alighafilika: alilishuhudia lililokuwapo mbele yake, na pampu za siku zile hazikumwezesha kuona zaidi.

Mwaka 1895 Jean Perrin, huko Paris, aliweka silinda ya madini yenye tundu mbele ya kathodi, akaona kwamba miale ikiingia, silinda hupata umeme hasi, na sumaku ikiipotosha miale silinda haipati kitu. Wengi wangaliridhika. Lakini wenye madhehebu ya etha walikuwa na hujja nzito: yumkini kathodi hurusha chembe za umeme, na hurusha pia miale, na chembe hizo hazina uhusiano na miale zaidi ya ule wa risasi na mmweko wa bunduki. Mfano huo J. J. Thomson wa Cambridge aliutaja mwenyewe alipoieleza hoja ya wapinzani wake, na kwa insafu hiyo namheshimu, kwani aliijibu hoja ikiwa na nguvu zake zote. Aliitoa silinda katika mstari wa miale, akaiweka kando. Miale iliponyooka, elektrometa, chombo cha kupimia umeme wa silinda, haikuonyesha ila umeme mchache. Alipoipinda kwa sumaku hata mng'ao ukaangukia tundu, umeme hasi ukamiminika. Na alipoipinda kupita tundu, ukapungua tena. Umeme, basi, hufuata njia ile ile ya miale, ikinyooka au ikipinda.

Likabaki jaribio la Hertz. Thomson alitambua kwamba miale huifanya gesi iliyosalia ipitishe umeme, na gesi hiyo huikinga miale na nguvu ya bamba. Akazidi kuifyonza hewa, akatumia bamba za alumini zenye urefu wa sentimita 5, na miale ikapinda hata kwa volti 2 tu.

Kwa kulinganisha mpindo wa umeme na wa sumaku, akapata mwaka 1897 uwiano wa uzito wa chembe na umeme wake, na uwiano huo haukubadilika kwa kubadili gesi wala madini ya kathodi. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa ioni ya haidrojeni kwa kadiri ya mara 1,000. Ama uzito ni mdogo, ama umeme ni mwingi, au yote mawili. Mwaka 1899 aliupima umeme wa chembe kama hizo, zitolewazo na madini yaliyomulikwa na nuru ya urujuanimno, akaukuta ni sawa na ule wa ioni ya haidrojeni. Udogo, basi, ulikuwa wa uzito, na elimu ikawa imepata kitu kilicho kidogo kuliko atomu.